Gari la shule linalokubali baba na mama walipe kila mtu kivyake, maoni yangu

Nawaandikia wazazi wenzangu mlioachana mna watoto wanasoma, hasa wa huku Segerea, Tabata, Kinyerezi mpaka Riverside, maana nilitafuta sana mtu aseme chochote kuhusu magari ya shule kwa mtoto mwenye nyumba mbili sikupata. Hili ni gari la mtu binafsi siyo la shule, Hiace ya njano, mwenyewe ni mama mmoja wa makamo ana magari kadhaa. Jina la biashara siliweki kwa sababu nitasema mazuri na mabaya yote.

Ada jamani siyo inayotugombanisha sana. Ada ni hela kubwa inajulikana, shule inatoa kontrol namba, unalipa kwa awamu na risiti ipo, nani kalipa na nani hajalipa haina ubishi. Kinachoua ni usafiri, maana unakuja kila mwezi, ni hela ambayo baba anaiona ndogo na mama ndiyo anaitoa mfukoni halafu mwisho wa muhula ukijumlisha unakuta imekaribia ada na hakuna mahali imeandikwa kwamba uliitoa wewe. Hata aliyeko shule ya serikali ambako ada ilifutwa toka 2016, sare, viatu, madaftari na nauli bado ni za mzazi, kwahiyo na yeye hii ishu inamhusu vilevile.

Gari tulilokuwa nalo zamani lilikuwa linamjua mlipaji mmoja tu, mimi. Nikilipa nusu yangu na mzazi mwenzangu akachelewa nusu yake, mdaiwa ni mimi, na walikuwa wanaweka orodha ya wadaiwa kwenye grupu la wasapu la wazazi wote, majirani wote wanasoma. Hilo ningeweza kulivumilia. Kilichonitoa machozi ni matroni kumwambia mtoto kwenye gari mbele ya wenzake mwambie baba yako amalizie hela yetu, mtoto wa darasa la tatu akaja nyumbani anajua baba yake anadaiwa shilingi ngapi, akaniuliza kama Jumatatu gari litamwacha. Siyo haki kabisa! Madeni ya wakubwa mtoto hapaswi kuyabeba kwenye begi lake.

Sasa hili jipya. Kwenye daftari lao mtoto mmoja ana walipaji wawili, kila mmoja na namba yake ya simu na kiasi chake, na mnaweza kugawana mnavyotaka siyo lazima nusu kwa nusu, kuna wazazi mmoja analipa theluthi mwingine theluthi mbili kutokana na vipato. Kila mtu analipa kwa lipa namba kwa muda wake, risiti inatumwa kwenye grupu dogo la watu watatu tu, mimi, baba watoto na yule mama mwenye gari. Nusu ya mtu ikichelewa anapigiwa simu yeye, siyo mimi, na mtoto haambiwi kitu na haachwi kituoni, wanawasiliana na sisi wakubwa mpaka kieleweke. Yaani tangu tuhamie gari hili mimi na baba watoto hatujatumiana ile meseji ya "umelipa gari?" ambayo ilikuwa inaanza na gari inaishia kwenye mambo ya miaka ile ya nyuma.

Kitu kingine ni Ijumaa. Mtoto wangu wiki nzima yuko kwangu Segerea, Ijumaa anashukia kwa baba yake Riverside. Magari mengi ukiwaambia hivyo wanakataa au wanataka ulipie ruti mbili kamili. Hawa wanaongeza elfu ishirini tu kwa mwezi juu ya laki na kumi, na matroni ana karatasi ya nani anashuka wapi siku gani na nani anampokea, asiyekuwa kwenye karatasi hapewi mtoto hata akisema yeye ni shangazi. Hiyo nyongeza analipa baba, tulikubaliana hivyo.

Hapo kwenye kukubaliana niwaambie kitu. Sisi tulipitia Ustawi wa Jamii, huduma ni bure, mnakaa na afisa mnaongea, mnaandika na mnasaini wote. Msiandike tu "baba atagharamia elimu", andikeni ada nani, usafiri nani na kwa mgao gani, tuisheni, hela ya mitihani, safari za shule, na ikipanda bei inakuwaje. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataja elimu kabisa kwenye wajibu wa mzazi pamoja na chakula, malazi, mavazi na matibabu, na mkifika mahakamani inaangaliwa kipato cha wazazi wote wawili, siyo baba peke yake. Nakala ya makubaliano yetu tulimpa mwenye gari ile sehemu ya usafiri tu, na ndiyo anayofuata.

Mabaya yapo. Mvua ikinyesha barabara ya Mandela ikifunga mtoto anafika kwa baba yake giza limeingia, na simu ya matroni siku hizo haipokelewi, unakaa roho juu. Tuwekeeni mtu wa pili wa kupokea simu jamani, hii nimeshamwambia yule mama na namwambia tena. Halafu walibadilisha dereva bila taarifa, watoto walikuwa wamemzoea anko wa kwanza, asubuhi moja naona sura nyingine kwenye usukani, hapana, mzazi lazima ajue kabla. Na Desemba wanachaji nusu mwezi wakati shule zimefungwa, wanasema ni kushikilia nafasi, mimi naona angalau wapunguze iwe robo.

Kwa hela, kweli daladala ni rahisi sana, nauli ya mwanafunzi ni 200, lakini asiyejua makonda wanavyowakataa wanafunzi asubuhi akasimame kituo chochote hapa Dar saa kumi na mbili aone watoto wanavyosukumwa mlangoni. Boda siwezi, mtoto mdogo katikati ya malori ya Mandela hapana. Kwahiyo kwangu mimi nawapa nyota nne, moja wameikosa kwa simu na yule dereva.

Anayetaka, nafasi zinapatikana Januari na Julai mihula ikianza, katikati ya muhula huwa gari limejaa. Wanataka wazazi wote wawili wakubali mgao kabla mtoto hajaanza kupanda, ila siyo lazima mkae chumba kimoja, yule mama anaongea na kila mmoja kwa simu halafu anawatumia maandishi yaleyale wote mthibitishe. Sisi tulifanya hivyo na baba watoto alithibitisha siku hiyohiyo.