London hadi Brighton kwa baiskeli, baada ya mshtuko wa moyo

Mwaka mmoja na nusu baada ya kupata mshtuko wa moyo, na baada ya daktari wangu kuridhika na vipimo, nilijiandikisha katika msafara wa baiskeli wa London hadi Brighton, unaochangia kazi ya British Heart Foundation, shirika lililoanzishwa mwaka 1961 na linalogharimia utafiti wa maradhi ya moyo. Njia ni ya maili 54, yaani takriban kilomita 87, kutoka Clapham Common hadi ufukweni, ikipita katika vijiji ambavyo wenyeji wake hutoka nje kuwashangilia watu wasiowajua.

Kinachostahili kuelezwa kwa kirefu ni kilima cha Ditchling Beacon, chenye kimo cha mita 248, ambacho humkuta mwendeshaji akiwa amekwisha kuchoka. Nilishuka nikaikokota baiskeli, kama wafanyavyo wengi, na hakuna aliyenihimiza nipande. Kwa mtu anayejifunza upya kuuamini moyo wake, uhuru huo una thamani kuliko medali. Kileleni nililia bila kujizuia.

Baiskeli niliyoikodi kwenye duka moja ilikuwa na breki dhaifu, jambo la hatari kwenye mteremko unaofuata, hivyo nawasihi wenzangu waikague mapema. Ada ya kushiriki msafara si ndogo, lakini nitailipa tena mwakani, nikiwa na mke wangu, aliyekesha kando ya kitanda changu hospitalini.