Grand Central, New York: stesheni ya 1913 na bado inapiga kazi

Jamani nianze na hili, kuingia ni bure. Hukati tiketi kama hupandi treni, unapita tu mlango wa mtaa wa 42 na dakika moja baadae uko katikati ya ule ukumbi. Habari zake nilizisikia zaidi 2013 walipofanya sherehe za miaka 100, baadhi ya maduka ya mle ndani yakarudisha bei za 1913, kung'arisha viatu senti 10, mkate senti 6. Safari hii nikampeleka mama, tena makusudi tarehe 2 Februari maana ndo siku ilipofunguliwa.

Kitu cha kwanza mama alichofanya ni kusimama na kuangalia juu. Dari ni la rangi ya kijani na buluu limejaa nyota za dhahabu, na makundi ya nyota yamechorwa kinyume, abiria mmoja aligundua mwaka uleule wa kwanza na hadi leo hawajabadilisha. Sasa ukiwa pale tafuta kipande kidogo cheusi pembeni ya dari. Walipofanya usafi mkubwa ulioisha 1998 walikiacha vile makusudi ili watu waone dari zima lilikua na uchafu kiasi gani. Mimi hicho kipande nakipenda kuliko nyota zote, kwa sababu hii stesheni ilikua inaelekea kuharibiwa kabisa na waliookoa ni wananchi wenyewe.

Maana walishaumia. Stesheni nyingine kubwa ya hapohapo mjini, Pennsylvania Station, ilianza kubomolewa 1963 watu wanaangalia, basi 1965 jiji likapitisha sheria ya kulinda majengo ya kihistoria na Grand Central ikaingia kwenye orodha 1967, wenye mali wakataka kuweka mnara wa maofisi juu yake, wakakataliwa, wakaenda mahakamani, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani na 1978 jiji likashinda. Jacqueline Kennedy Onassis, mjane wa rais, alikua mstari wa mbele kabisa kwenye kuitetea. Ukijua haya alafu ukaona watu wanakimbilia treni zao kama kawaida, unasisimka.

Msikose kona ya minong'ono, iko chini karibu na mgahawa wa Oyster Bar. Unasimama pembe moja unatazama ukuta, mwenzio pembe ya mkabala mbali huko naye anatazama ukuta, unanong'ona na sauti inapita juu ya dari la matao. Nikasema "mama unanisikia?" akajibu taratibu "nakusikia mwanangu, kama uko begani kwangu." Tulirudia mara nne hivi, watu wanasubiri zamu yao.

Chakula sasa. Kibanda kimoja nisichokitaja kilinipa supu ya baridi kwa bei ya kuumiza, kwa hiyo kuleni kabla ya kwenda.

Nendeni katikati ya mchana, asubuhi na jioni watu wanaenda na kutoka kazini ni msongamano mtupu na mzee atasukumwa. Mkipotezana mkutane kwenye saa yenye sura nne juu ya kibanda cha maulizo, inaonekana kutoka kila upande. Sisi ndo tulivyofanya, nikamkuta mama hapo bado shingo juu.