Pantoni ya Magogoni: Dar ya jana na ya leo kwa shilingi 200

Nauli ya mtembea kwa miguu kati ya Magogoni na Kigamboni ni shilingi 200, ileile tangu 2012 ilipopandishwa kutoka 100. Kwa hela hiyo unavuka lango la bandari, na unaliona jiji vizuri kuliko utakavyoliona kutoka ghorofa yoyote ya Posta.

Ukielekea Kigamboni simama kulia. Ukirudi mjini, kushoto. Mnara wa kanisa la Azania Front wenye vigae vyekundu na kilele cha kanisa la Mtakatifu Yosefu, vyote vya enzi za Wajerumani, ndivyo vilivyotawala ukingo wa Kivukoni kwa miongo mingi. Mwaka 1965 ikaja Hoteli ya Kilimanjaro, na ghorofa zake zikaonekana ndefu kweli. Sasa yote hayo yamezama kati ya majengo ya vioo. Lile la Mamlaka ya Bandari pekee lina ghorofa 35. Inauma kidogo kuutafuta kwa macho mnara ambao zamani ulikuwa wa kwanza kuonekana. Nenda asubuhi: jua linatokea Kigamboni na kuyapiga majengo usoni. Jioni linazama nyuma yake, unabaki na vivuli vitupu.

Malipo ni kwa N-Card, kadi ya kielektroniki unayoijaza fedha, kwa hiyo hakikisha ina salio kabla ya kufika getini. Kadi tupu moja inasimamisha foleni nzima. Saa 12 hadi saa 3 asubuhi umati unatoka Kigamboni kuja mjini, na kuanzia saa 10 jioni unarudi. Ukivuka saa 1 asubuhi kutokea mjini unakwenda kinyume na umati. Subiri saa 4 ndipo urudi. Ukiwa na gari dogo la chini, jihadhari na bamvua: maji yakipwa sana mlango wa pantoni unainama, na bampa inakwaruza.

Udhaifu mkubwa ni vyombo vyenyewe. MV Magogoni hubeba abiria 2,000, MV Kazi 800. Ile kubwa ikitolewa majini kwa matengenezo, hakuna ratiba itakayoziba pengo hilo, na watu hubanana kwenye jengo la kusubiria. Daraja la Nyerere la Kurasini, mita 680, lililofunguliwa 2016, limeyapa magari njia nyingine. Mtembea kwa miguu halikumsaidia sana, maana kwake Kurasini ni kuzunguka. Kilichomfaa zaidi ni mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka huohuo: ukishuka Kivukoni, pantoni iko hatua chache tu, na soko la samaki la Feri liko jirani.

Kabla hujashuka, geukia upande wa bahari. Huko mashua za wavuvi bado zinaingia Feri na shehena ya usiku, zikipisha meli kubwa kwenye mkondo uleule mwembamba.