Gari la kambi limepaki masika yote na betri iko hai: uzoefu wangu na sola ya wati 100

Swali ni betri inabakije hai gari likikaa masika yote bila kuwashwa. Nianze na jibu, maana najua wengine mnasoma hapa huku gari limegoma kuwaka. Nimefunga paneli ya wati 100 juu ya paa, kontrola (kifaa kinachosimamia chaji ya sola kwenda kwenye betri) ya Victron SmartSolar MPPT 75/15, na rilei, yaani swichi inayojiendesha yenyewe, ya Cyrix-ct inayounganisha betri mbili. Masika iliyopita Land Cruiser yangu ilikaa uani Njiro, Arusha, tangu wageni walipokatika baada ya Pasaka mpaka Juni. Nilipogeuza ufunguo, ikawaka hapo hapo. Nimeridhika, ila kuna watu ambao nitawaambia wasinunue kabisa, nao nitawafikia.

Gari lenyewe ni Land Cruiser 78 ya injini ya 1HZ, nyuma limegeuzwa nyumba: kitanda, friji ya volti 12, tangi la maji, paa la kuinuka. Nalikodisha kwa wageni wanaojiendesha wenyewe, wengi wao huelekea Tarangire na Natron. Lina betri mbili. Moja ni N70 (saizi ya betri ya karibu ampea-saa 70) ya kuwashia injini, nyingine ya ampea-saa 100 inabeba friji, taa na chaji za simu. Msimu wa watalii halinisumbui kwa sababu halilali. Balaa ni Aprili na Mei.

Dawa ya mtaani sote tunaijua: mwachie mlinzi ufunguo, kila Jumatatu aliwashe dakika kumi. Mimi nimeacha, na nitabishana na yeyote. Dizeli kama hii kabla haijawaka inapasha hita plagi, kisha stata inavuta mamia ya ampea kwa mkupuo. Baada ya hapo gari linaunguruma pale pale bila kukanyagwa mafuta, alteneta inazunguka taratibu, na sehemu ya kinachorudi kwenye betri inalipa kwanza kile kilichotumika kuwasha. Kinachobaki hakitoshi kufidia wiki nzima ya kukaa. Tena betri ya risasi ina tabia yake: ikiwa chini inapokea umeme haraka, lakini ile sehemu ya mwisho, kutoka kama asilimia 80 hadi kujaa, inataka saa kadhaa hata ukiwa na chaja kubwa namna gani. Dakika kumi hazifiki huko. Unachopata ni mafuta kuungua, mvuke wa maji kwenye ekzosi ambayo haikupata moto wa kutosha, na mlinzi anayekuhakikishia kwamba gari ni zima mpaka siku ile ambayo si zima.

Kabla ya sola fundi wangu wa umeme, mzee mmoja wa Unga Limited, alikataa kuniuzia chochote. "Dada, kabla hujanunua betri nyingine, tujue kwanza anayeila ni nani." Akafungua teminali hasi, akaweka multimita katikati, akafunga milango yote na tukakaa kivulini nusu saa ili alamu itulie. Mita ikasoma miliampea 90. Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja, macho kwenye mita. Radio, hakuna kitu. Taa za ndani, hakuna kitu. Alipochomoa fyuzi ya amplifaya ya muziki, namba ikaporomoka. Aliyeifunga aliivutia waya moja kwa moja kutoka kwenye betri, haipiti kwenye swichi, kwa hiyo ilikuwa macho usiku na mchana. Tulipoihamisha zikabaki miliampea 25, za alamu na traka (kifaa cha kufuatilia gari lilipo).

Pigeni hesabu wenyewe. Miliampea 90 kwa saa 24 ni zaidi kidogo ya ampea-saa 2 kwa siku, yaani kama 65 kwa mwezi. N70 nzima imekwisha hapo, na hakuna mtu aliyeligusa gari. Miliampea 25 ni kama ampea-saa 18 kwa mwezi. Kazi hiyo ya fyuzi ilinigharimu soda na nauli, na naiona ina thamani kuliko vifaa vyote nilivyonunua baadaye. (Mlinzi naye alikuwa anachajia simu yake kwenye soketi ya nyuma. Hilo tumelimaliza kwa mazungumzo.)

Sasa sola. Magari mengi ya kambi niliyochungulia bonetini, paneli imefungwa kwenye betri ya pili tu, ile ya friji. Wakati wa safari ni sahihi. Gari likipaki ni kinyume: friji imezimwa, betri yake haipotezi kitu cha maana, na sola inaijaza iliyojaa. Inayokamuliwa na alamu na traka ni ya kuwashia, ambayo haipati hata tone. Ndiyo maana mtu anakuapia kwamba ana sola na bado anatafuta jirani wa kumshtulia gari. Rilei nyingi za kuunganisha betri zinapima upande wa injini peke yake, hivyo bila injini kuwaka hazifungi, yaani haziunganishi betri. Cyrix-ct inapima pande zote mbili. Sola ikipandisha volti za betri ya friji, rilei inafunga na chaji inavuka mpaka kwenye N70. Jua likizama volti zinashuka, inaachia. Ndicho nilicholipia hela, na bila hicho nisingeandika haya.

Kontrola inasomeka kwenye simu kwa Bluetooth, na inatunza kumbukumbu ya siku 30. Nikiwa barazani naona imepanda mpaka volti 14.4 kisha imetulia kwenye 13.8. Siku mbaya kuliko zote ya Aprili, Mlima Meru hauonekani na mvua imeanza alfajiri, iliandika wati-saa 70. Hizo ni kama ampea-saa 5, mara nyingi zaidi ya zinazoliwa na alamu. Msishtuke mkiona siku ya jua kali imeandika kidogo kuliko siku ya mawingu: betri iliyojaa haipokei, na kontrola inaandika kilichopokelewa. Jambo moja la kujua kuhusu asubuhi za ukungu ni kwamba kontrola hii haianzi kazi mpaka volti za paneli ziwe juu ya za betri kwa volti 5. Na kivuli ni adui kuliko wingu. Tawi la mparachichi likifunika kona ya paneli, unapoteza zaidi ya ukubwa wa kona hiyo. Nilisogeza gari, sikukata mti.

Kupima betri bila kujidanganya, pima kabla jua halijachomoza, la sivyo unasoma volti za kontrola. Volti 12.7 imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu. Ikikaa wiki nyingi nusu tupu, salfeti inaganda kwenye sahani za risasi na uwezo wake haurudi wote. Kama ni ya kufungua vizibo, ongezeni maji ya betri (distilled), si asidi. Walioko Dar na Tanga wakague mara nyingi zaidi. Joto linakausha maji na linaharakisha betri kujimaliza yenyewe. Wenye lithiamu, hii kanuni ya kuijaza muda wote si yenu. Betri zenu hupenda kulala zikiwa karibu nusu.

Niliosema wasinunue ni nyie mnaopaki chini ya banda. Paneli chini ya bati ni pambo. Kama kuna umeme karibu, chaja kama CTEK MXS 5.0 ya ampea 5 inatosha: inajaza, kisha inashikilia yenyewe. Hiyo nilimfungia kaka yangu, upande wa betri ya kuwashia. Tahadhari mbili. Programu yake ya kufufua betri inapanda mpaka volti 15.8, kwa hiyo ukiitumia ondoa kwanza waya za gari. Na chaja yoyote utakayonunua, ukiwa dukani mwambie muuzaji aichomoe ukutani na kuichomeka tena. Zipo zinazosubiri ubonyeze kitufe upya, na kwa TANESCO yetu hiyo ina maana kwamba umeme ukikatika Jumanne, chaja imelala mpaka utakapokumbuka kwenda kuiangalia. Iwekeeni na friji gadi, kwa sababu umeme unaporudi huwa hauji kistaarabu.