Google Docs kama meza ya kupitishia rasimu: tathmini ya mhariri

Kwa miaka mitatu sasa kikundi chetu cha watu saba jijini Dar es Salaam, ambacho kazi yake ni kuandika na kuhariri ripoti za miradi ya maji na kilimo kwa Kiswahili, kimekuwa kikipitishia rasimu zake zote katika Google Docs, programu ya Google ya kuandikia hati mtandaoni. Tathmini hii haihusu programu nzima. Inahusu namna inavyomfaa mtu anayewasilisha kazi yake ili ikosolewe na wenzake, na namna inavyowafaa hao wenzake wanaoikosoa.

Hapo awali tulikuwa tukitumiana mafaili ya Word kwa barua pepe. Kulikuwa na faili liitwalo "Rasimu ya Mwisho", likafuatwa na "Rasimu ya Mwisho 2", kisha "Mwisho Kabisa", na mara nyingi wapitiaji wawili walisahihisha nakala mbili tofauti usiku mmoja, mwandishi akaamkia kazi ya kuzioanisha. Google Docs, iliyoanza mwaka 2006, inaondoa adha hiyo kwa kuwa hati ni moja na kila mtu anaifungua papo hapo ilipo. Hata hivyo, kilichoifanya ifae kwa mapitio ni hali ya kupendekeza, iliyoongezwa mwaka 2014. Mpitiaji akifuta neno katika hali hiyo, neno halipotei bali hukatwa kwa mstari. Akiongeza neno, huonekana kwa rangi yake. Na pembeni hutokea kisanduku chenye jina lake, saa aliyoandika, alama ya vema ya kukubali na alama ya kukataa. Maandishi ya mwandishi hubaki kuwa yake hadi yeye mwenyewe aamue.

Ninaona kuwa sehemu bora kuliko zote ni ile ambayo watu huipita bila kuitazama, nayo ni ngazi za ruhusa. Unapompa mtu hati, unachagua iwapo ataisoma tu, atatoa maoni, au ataihariri. Aliyepewa ngazi ya kutoa maoni hawezi kubadilisha kitu moja kwa moja hata akitaka, kwani kila anachoandika kinageuka kuwa pendekezo. Katika ofisi zetu, lakini, kuna ugumu wa adabu: mwandishi kijana anaona haya kumtumia mkubwa wake kiungo kinachomzuia kuhariri, kwa hiyo anampa ruhusa yote, naye mkubwa anaandika juu ya maandishi bila kuacha alama inayoonekana mara moja. Sisi tulimaliza jambo hilo kwa kukubaliana kwamba kila mpitiaji, kiongozi wetu akiwemo, anapewa ngazi ya maoni na si zaidi. Haikuchukua wiki mbili, haya hiyo ikaisha.

Panapohitaji uangalifu zaidi ni katika Kiswahili chenyewe, na sidhani kama waliobuni chombo hiki waliifikiria lugha yenye ngeli. Chukua sentensi "mradi huu ulianza Januari na umekamilika". Mpitiaji anaona kwamba miradi ni miwili, anabadilisha kiambishi cha mwanzo wa nomino, kisha anashuka kwenye kionyeshi "huu" na vitenzi vyote viwili ili navyo viafikiane. Hayo ni marekebisho manne yaliyo mahali panne, na programu huyachukua kama mapendekezo manne yasiyojuana. Mwandishi mwenye haraka akikubali la kwanza na la tatu na kuliruka la pili, atabaki na "miradi huu ilianza", na kosa hilo litakuwa jipya kabisa, halikuwa la mwandishi wala la mpitiaji. Mwaka wa kwanza tulichapisha makosa ya namna hiyo, na lawama ilikuwa yetu. Dawa yake ni kuacha kurekebisha kiambishi kimoja kimoja: unachagua kifungu chote kuanzia nomino hadi kitenzi cha mwisho na kukiandika upya, na hapo pendekezo linakuwa moja, la kukubaliwa au kukataliwa kwa ujumla wake. Kwa Kiingereza tahadhari hii haina uzito mkubwa, kwani huko wingi wa nomino mara nyingi hauyagusi maneno mengi. Kwetu ni kanuni ya kwanza tunayomfundisha mpitiaji mgeni.

Kasoro ya pili ni ya ndani zaidi. Hali ya kupendekeza ni rahisi mno kutumia, na urahisi huo unamvuta mpitiaji kwenye mambo madogo. Mtu anafungua rasimu ya kurasa thelathini, anaona koma iliyokosekana, anaiweka. Anaona "katika" ambapo yeye angeandika "kwenye", anabadilisha. Baada ya saa mbili pembezoni pamejaa visanduku na anajihisi amefanya kazi, ilhali hakuna aliyeuliza kwa nini hitimisho linasema mavuno yameongezeka wakati jedwali la sura ya tatu linaonyesha kwamba yamepungua. Rangi zinapokuwa nyingi, mwandishi naye anakata tamaa, anakwenda kwenye menyu na kukubali mapendekezo yote kwa mkupuo, likiwemo lile lililobadilisha maana.

Kwa sababu hiyo tunapitisha kila rasimu mara mbili. Mara ya kwanza ni maoni peke yake na kupendekeza ni marufuku: mpitiaji anachagua aya, anaandika kinachomtatiza, na analazimika kukieleza. "Haieleweki" si maoni. "Aya hii inataja visima vinane lakini ramani ina sita, je, viwili vimeachwa au havijachimbwa?" ni maoni, kwa kuwa mwandishi anajua la kufanya. Mara ya pili, hoja zikishatulia, ndipo tunaposhughulikia lugha. Kwa mzunguko wa kwanza chombo kinasaidia vizuri sana: unaweza kumtaja mtu kwa alama ya @ na barua pepe yake akapata taarifa, na unaweza kumkabidhi hoja hiyo rasmi ili ijulikane nani anayesubiriwa.

Nisichokipenda hapo ni kitufe cha kufunga mjadala. Kila mwenye ruhusa ya kuhariri anaweza kukibonyeza, naye mwandishi kwa kawaida ndiye mwenye hati, kwa hiyo anaweza kuifunga hoja kabla ya kuijibu. Maoni yaliyofungwa hayafutiki, yanapatikana kwenye historia ya maoni, lakini nani huenda kuyatafuta? Sisi tunataka aliyeuliza ndiye afunge, na kwa kuwa yeye ana ngazi ya maoni, anaweza kufunga hoja aliyoianzisha mwenyewe. Mwandishi anajibu tu na kusubiri.

Historia ya matoleo ninaisifu bila masharti. Tunalipa jina toleo lililowasilishwa, kisha lililotoka mapitio ya kwanza, kisha lililoidhinishwa, na mabishano ya nani aliondoa takwimu ipi huisha kwa dakika moja.

Kuna jambo ambalo programu hii haiwezi kulitibu, nalo ni WhatsApp. Mpitiaji anaandika ndani ya hati "Nzuri, nimepitia, hongera", halafu usiku anamtumia mwandishi ujumbe wa sauti wa dakika sita wenye ukosoaji wenyewe, kwa sababu kumkosoa mwenzako mbele za watu kunaonekana kama kumvunjia heshima. Ninaielewa staha hiyo na hata mimi ninayo. Lakini ujumbe wa sauti haushikamani na aya yoyote, na mpitiaji wa pili hausikii. Tulichofanya ni kumwachia mpitiaji aanze kwa sauti akipenda, mradi kabla ya kesho yake ayaandike mahali panapohusika.

Kuhusu mtandao, bando likiisha au umeme ukikatika kazi inaweza kuendelea nje ya mtandao, ila ni lazima hali hiyo iwe imewashwa mapema katika kivinjari cha Chrome au Edge. Simu inatosha kwa kujibu maoni, lakini haitoshi kwa kupitia ripoti nzima, maana huoni ukurasa na pembezoni kwa wakati mmoja.

Akaunti ya bure, yenye nafasi ya GB 15 inayochangiwa na barua pepe na picha, imetutosha kwa hati za maandishi. Mpiga chapa wetu bado anataka Word. Tunampakulia faili la namna hiyo, na mapendekezo yaliyobaki bila kuamuliwa huingia humo kama masahihisho yanayoonekana. Kwa hiyo kabla ya kupakua mtu mmoja hupitia pembezoni kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kuhakikisha kwamba hapana kisanduku hata kimoja kilichosalia.