Haloperidoli: sauti zilinyamaza, shingo ikapinda

Mdogo wangu ametumia vidonge vya haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, kwa miezi saba, nami ndiye ninayempa kila jioni. Kwa kazi iliyokusudiwa, naisifu dawa hii bila kusita: wiki chache baada ya kuanza, sauti zilizokuwa zikimtukana usiku kucha zilififia, akaanza kulala na kula pamoja nasi.

Hata hivyo, siku ya pili tu shingo yake ilipinda kuelekea begani, taya likakaza, na macho yakageukia juu yasiweze kushuka. Tulidhani ni kifafa, kumbe ni misuli iliyokakamaa kwa sababu ya dawa, nayo sindano moja ilimlegeza kabla ya nusu saa kwisha. Aliyetukabidhi vidonge dirishani hakuwa ametuonya hata kwa neno moja, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa.

Haloperidoli, iliyobuniwa na Paul Janssen na wenzake nchini Ubelgiji mwaka 1958, huziba vipokezi viitwavyo D2, yaani sehemu za seli zinazopokea dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe katika ubongo, popote inapovikuta. Vikizibwa katika njia inayohusika na mawazo na hisia, sauti hunyamaza. Vikizibwa katika njia inayoratibu mwendo wa misuli, mgonjwa hukakamaa na kutetemeka kama mwenye ugonjwa wa Parkinson. Vipimo vya picha za ubongo vinaonyesha kwamba nafuu huanza vipokezi takriban asilimia 65 vikizibwa, ilhali matatizo ya mwendo huongezeka vikikaribia asilimia 80, kwa hiyo nafasi ya kukosea dozi ni finyu mno.

Wiki ya nne hakuweza kumaliza sahani ya chakula akiwa ameketi: alisimama, akazunguka meza, akakaa, akasimama tena. Mwenye haraka angesema ugonjwa umerudi na kuongeza dozi, jambo ambalo lingemzidishia mateso. Daktari wetu aliipunguza, na baada ya siku kadhaa miguu ikatulia. Sasa kila kliniki humkagua ulimi, midomo na vidole, kwa kuwa kuchezacheza kwa misuli bila hiari kunakojitokeza baada ya miezi au miaka ya matumizi huweza kubaki hata dawa ikisimamishwa.

Anaendelea nayo kwa dozi ndogo, na kikombe cha chai hukishika kwa mikono miwili.