TAHADHARI: Simu za "RAM 12GB" za bei ya chini, geuza boksi kabla hujalipa

Ndugu zangu, hasa mnaowanunulia simu vijana wanaokwenda chuo, someni hili kwanza.

Wiki mbili zilizopita nilimnunulia mdogo wangu simu Kariakoo, shilingi 390,000. Boksi limeandikwa "12GB RAM" kwa herufi kubwa za dhahabu. RAM ni kumbukumbu ya kazi, mahali programu zinapokaa wakati unazitumia. Nilimuuliza muuzaji mara mbili kama ni kumi na mbili kweli. Akanijibu, "Dada, kumi na mbili kamili, hii haigandi."

Mdogo wangu akaanza kujaza fomu ya mkopo wa chuo. Kila akitoka kwenda kwenye kamera kupiga picha cheti, akirudi anakuta fomu imejifungua upya, tupu. Mara ya tatu akalia.

Kazi yangu ni kusimamia seva zinazotumia mfumo wa Linux, na Android nayo imejengwa juu ya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo kinachogawa kumbukumbu kwa programu, kwa hiyo nilijua pa kuchungulia. Nikafungua faili la /proc/meminfo, ambamo kerneli huonyesha hesabu ya kumbukumbu. Mstari wa MemTotal, yaani jumla ya RAM halisi, ulisoma kB milioni 3.8. Hiyo ni simu ya 4GB, kwa sababu kuna sehemu hutengwa mapema simu inapowaka. Zile nane nyingine nilizikuta chini, kwenye mstari wa SwapTotal. Nikageuza boksi: ubavuni, kwa maandishi ya kutafuta kwa miwani, pameandikwa 4+8.

Kerneli hukata kumbukumbu vipande vidogo viitwavyo kurasa, kwa kawaida KB 4 kila mmoja. RAM ya 4GB ni kurasa milioni moja na ushee, na kerneli ina daftari la kujua kila ukurasa ni wa programu gani na uko wapi. RAM ikijaa, inatafuta kurasa ambazo hazijaguswa kwa muda na kuzihamishia kwenye hifadhi ya simu, kulekule kunakokaa picha na video zako. Hiyo ndiyo swapu. Programu ikiuhitaji tena ukurasa uliohamishwa, inasimamishwa hadi kerneli iulete, na kama RAM bado imejaa, lazima kwanza mwingine utolewe kuupisha. RAM hujibu kwa nanosekunde 100 hivi. Hifadhi ya simu huchukua mikrosekunde 100 au zaidi, yaani muda mrefu mara elfu. Ni kama muuza duka ambaye kila mteja akiagiza kitu, yeye anakimbilia stoo mtaa wa pili.

Swapu yenyewe si wizi, naitumia kazini kila siku na inasaidia. Wizi ni kuiita RAM. Prosesa, ubongo wa simu, haiwezi kuufanyia kazi ukurasa ulioko kwenye swapu mpaka urudi kwenye RAM, na RAM ni ileile nne. Tena hiyo nane imemegwa kwenye hifadhi uliyoilipia, na chipu za hifadhi huchakaa kwa kuandikwaandikwa. Kumbukumbu ikibanwa zaidi, Android huzima programu zilizo nyuma. Ndivyo fomu ya mdogo wangu ilivyopotea.

Mchezo huu ni wa zamani. Mwaka 1995 kampuni ya Syncronys ya Marekani iliuza SoftRAM95, programu iliyodai kuizidisha RAM ya Windows mara mbili. Wataalamu, akiwemo Mark Russinovich, waliifumua wakakuta haiongezi kitu. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani iliibana kampuni hiyo kwa madai ya uongo.

Ukiwa dukani, washa simu mbele ya muuzaji. Ingia Mipangilio, Kuhusu simu, usome mstari wa RAM. Ukiona alama ya kujumlisha, namba ya kwanza ndiyo RAM yako. Kisha tafuta sehemu ya kuongeza RAM, izime, uwashe simu upya, uangalie kinachobaki. Muuzaji akikukataza, ondoka. Na risiti iandikwe "RAM 4GB" au "RAM 12GB", wazi. Yangu iliandikwa "simu moja" tu.

Niliirudisha. Yule kaka akaniambia, "Si imeandikwa 4+8 hapo pembeni?" Hela hakurudisha, anataka niongeze 120,000 anipe nyingine. Leo asubuhi nimepita tena pale, boksi zilezile zimepangwa mbele kwenye kioo, upande wa dhahabu ukiangalia barabara.